Kioo cha Tatu Kutoka Mlangoni

Mimi ndiye niliyevisimamisha vile vioo vya Raskazone,
milimita kumi na mbili, vimepikwa vikakomaa,
kumi na vinane kila uwanja, viwanja viwili.
Wakakata utepe, wakala sambusa,
wakanilipa nusu.

Nusu ya pili niliifuata miezi mitatu kwa baiskeli
kutoka Barabara ya Kumi na Moja.
Meneja yuko Dar, yuko kikaoni, yuko njiani anakuja.
Mwisho akanikalisha, akaniagizia maji baridi.
"Fundi Kilua, fedha hakuna. Ila masomo ya padeli ninayo.
Kumi. Na kibao cha kuazima."

Miaka hamsini na sita, goti la kushoto linatabiri mvua,
na maisha mazima nimefukuza mipira:
kila mtoto wa Ngamiani aliyepiga chenga karibu na karakana yangu
ananijua kwa tusi.
Mwamvua akapuliza uji wake, akasema,
"Basi wamekulipa jasho kwa jasho. Nenda,
usiwaachie hata hilo."

Mwalimu ni binti wa Pongwe, Zaina Singano,
sauti yake ingesimamisha lori la saruji.
Akatupanga: mimi, daktari wa meno wa Bombo,
wasichana wawili wa benki.
"Hiki hakina nyuzi, msikibembeleze kama gitaa.
Anzeni chini ya kiuno.
Mpira ukishadunda sakafuni, ukaenda kioo,
usikate tamaa. Ungali hai. Geuka, usubiri urudi."

Nikanyoosha mkono kama mtoto wa darasa la pili.
"Ukigonga kioo, si kosa?"
"Si kosa, babu."
Nikauliza tena.

Sasa niseme ambalo hata Mwamvua sijamwambia.
Kioo cha tatu kutoka mlangoni, uwanja wa pili,
kona ya chini, palipofunikwa na mpira wa kuzibia,
kimemeguka. Padogo, punje ya mtama.
Ni siku ya kushusha: lori lilitikisika,
upande ule nilishika mimi, na jua, na haraka,
na kingine kingekuja baada ya wiki tatu.
Nikakifunika. Nikakaza skrubu. Nikanawa mikono.

Kioo kilichopikwa hakina subira ya nyufa.
Hukaa mwaka, hukaa miwili, kimya, kinakutazama,
halafu siku moja, bila hata kuguswa,
chote kinamwagika kama mchele.

Basi mimi hucheza nikikilinda.
Mpira ukielekea kule naurukia, goti likilia,
naupiga hewani kabla haujafika.
"Mwoneni fundi!" Zaina hupaza. "Hana woga huyu!"
Daktari wa meno amenisifu mpaka wodini.
Wiki ya sita wakanifanya nahodha.

Ujasiri wangu wote, punje ya mtama.

Jumamosi mashindano. Watu uzioni,
Mwamvua naye, na chupa ya chai, na kofia yangu.
Tano kwa tano. Binti wa benki akauinua mpira,
ukanipita kichwani, mrefu, mvivu,
nami nikajua uendako.
Goti likakataa.
Ukadunda. Ukaenda.
Nikafumba macho.

Ngo.

Sauti nene, safi, ya kioo kizima.
Nikafumbua: mpira unanijia taratibu
kama mtu aliyesahau kitu nyumbani,
nami nimeshika kibao, nimeduwaa,
nikautazama ukidunda mara ya pili miguuni pangu.
Tukafungwa.
"Babu, ulikuwa wako!" Zaina karibu alie.
"Ulikurudia wenyewe!"

Jumapili alfajiri nikapiga magoti pale kona,
nikapapasa. Pamemeguka vilevile.
Nikamweleza meneja yote, mpaka lori.
Akaniuliza, jicho limemtoka, nani atalipa.
Nikamwambia tulia, kioo hiki changu,
nimeshakiagiza, laki nne na nusu na nauli yake.

Ila unipe somo la kumi na moja,
lile la mpira unaorudi.